Askari wa Sweden Waliovaa Mabuti ya Mpira

Juzi, tukimsaidia mama kuhama Fort Worth kwenda Mansfield, nilifungua kopo la maziwa anamoweka funguo zake za zamani. Chini kabisa alikuwa amelala askari wa bati, hazidi urefu wa kidole changu cha gumba. Nilimjua hata kabla ya kumpangusa vumbi. Mimi ndiye niliyempaka rangi.

Sikusoma sana, na huenda nachanganya mambo, kwa hiyo nitakuambia yale tu ninayoyakumbuka vizuri. Tulipofika Marekani tuliishi Gulfton, Houston, ghorofa ya pili. Likizo ya kiangazi mama alitoka asubuhi kwenda kiwandani, akatufungia mimi na dada mpaka jioni. "Mutu akigonga, munyamaze." Kiyoyozi kilinguruma, maharage ya kupasha yakanukia chumba kizima, na nje watoto wa wenzetu walirushiana maji. Tuliwachungulia pembeni mwa pazia. Nilimwona mama mkatili. Sikumtendea haki, alikuwa amekimbia vita Kongo akituburuta wote wawili.

Jirani wa chini, mzee wa Kizungu, alikuwa na meza kubwa ya kuchezea vita vya kale. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, akamwomba mama tumsaidie kuwapaka rangi askari wake wa bati, wa Sweden wa karne ya kumi na saba. Mama alisita, akakubali. Tukimaliza, Jumamosi tungeshuka kuwaona wakipangwa. Unajua maana yake? Saa nzima nje ya mlango ule!

Mzee alituachia karatasi ya picha. Kofia pana. Koti la manjano au la buluu, maana, alisema, kila kikosi kilivaa kitambaa kilichopatikana. Vichupa vya mbao vya baruti vilining'inia kifuani kwenye mkanda, na mkononi fimbo yenye panda ya kuegemezea bunduki nzito. Dada alipaka vichupa kwa kijiti cha meno, ulimi nje. Mimi nilipewa miguu. Picha ilionyesha soksi ndefu na viatu vifupi, nikaona mchoraji kakosea. Askari gani anavaa soksi? Nikawapaka wote mabuti meusi ya mpira, mpaka magotini, yakang'aa.

Ijumaa mama aliingia, hata viatu vya kazi hajavua. Akaokota mmoja, akamtazama miguu. Akakaa sakafuni.

"Nani alikuambia banavaaka hivi?"

Alimaanisha basoda, askari waliotufukuza Kongo. Tulipokimbia nilikuwa na miaka minne. Nilidhani sikumbuki kitu.

"Mama, ni toys tu," dada akasema. "Tutayafuta mabuti, tuweke soksi nyeupe."

"Hata bakivaa soksi. Basoda banajuaka kubadilisha nguo."

Jumamosi hatukushuka. Mama alimrudishia mzee sanduku lake, na lazima niseme alimshukuru kwa heshima zote. Sisi tulilaza masikio kwenye zulia, tukasikia dadu zikigongagonga mezani huko chini.

Mzee yule amekwisha fariki. Meza sijui ilikwenda wapi, sikuwahi kuiona. Dada ana watoto wake, na kiangazi hushinda nje hadi waitwe mara tatu.

Nilimwonyesha mama yule askari, nikitegemea aseme alimsahau.

"Huyo sikumurudisha," alisema. "Nilitaka nijue hata huyu moja iko wapi."

Akanipokonya taratibu, akamlaza tena chini ya funguo, akabonyeza kifuniko.