Chafya Niliyoifuata Ughaibuni

Kwa muda wote niliofundisha maadili katika shule ya upili, na kwa muda wote niliosimama mbele ya akina mama wa kanisa letu pale Ndanai, sijawahi kuionea tumbaku huruma. Nimeikemea ikiwa imesokotwa, nimeikemea ikiwa ndani ya kiko, na ile ya kunusa nimeikemea kuliko zote, kwa sababu anayeivuta huamini kwamba hakuna anayemwona. Kwa hiyo, asubuhi ya safari, Mama aliponiita chumbani kwake na kunitia kiganjani kikebe cha bati kilichofungwa kwa mpira, sikuhitaji kuuliza kilikuwa na nini. Harufu ilikuwa imetangulia.

“Mama, ugoro? Mimi?”

“Kwani nimekwambia uvute? Nimekwambia ubebe.”

Kwetu Wakipsigis, mtoto hachaguliwi jina la ukoo. Wanawake wa upande wa baba humkalia kitako, wakataja mmoja baada ya mwingine majina ya jamaa waliolala makaburini, na jina litakalotajwa mtoto akapiga chafya, basi mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Mtoto akiwa mgumu wa pua, kikebe cha ugoro hufunguliwa karibu naye, na mambo hunyooka. Kanisa letu na desturi hii wamezoeana kama majirani wawili wanaotumia kisima kimoja: hawaalikani, lakini hawagombani.

Sasa mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi Bergen, nchini Norwe, alikuwa amepata mwana, kitukuu wa kwanza wa Mama. Miguu ya Mama haimfikishi tena hata barabarani. Kazi ya kuita majina ikaniangukia mimi, shangazi, au senge kama tunavyosema kwetu. Likizo ya Aprili ilipofika, nikawa na viza, koti la kuazima na woga wa mtu ambaye hajawahi kuvuka mpaka wowote ila ule wa Nyamira.

Mama alitaka jambo moja tu. Alitaka kujua, kabla naye hajalala, kama Baba angerudi.

“Anza na baba yako,” aliniagiza. “Lakini wataje wote. Usimruke mtu.”

Nilimjua yule ambaye Mama aliogopa nisije nikamruka. Baba alikuwa na mdogo wake, mpiga gitaa, ambaye nimemtumia darasani miaka yote kama mfano wa jinsi mtu asivyopaswa kuishi. Baba yangu alikuwa mtu wa kipimo: kila nilipofunga shule alilipekua sanduku langu, soksi kwa soksi, kisha akazikunja upya vizuri kuliko nilivyozikunja mimi. Huyo mdogo wake alitumwa Chepilat siku moja kununua chumvi, akarudi baada ya msimu wa kupanda mahindi kupita, akiwa na bata mzinga chini ya kwapa. Chumvi hakuwa nayo.

“Na usiniletee uongo,” Mama aliongeza. “Hujui kudanganya, ndiyo maana nakutuma wewe.”

Nikaondoka na sifa hiyo kifuani na ugoro mfukoni.

Msomaji atanistahi nikisema kwamba nilipanda ndege nikiwa nimeazimia kutoshangaa. Nimesoma vitabu vingi vya safari, na nimeona kwamba mshangao ndio unaowafanya wasafiri wengi waandike upuuzi. Azimio langu lilidumu hadi ilipoletwa chai. Mimi nimetoka kwenye vilima ambako chai ni zao, ni karo na ni salamu. Ukiingia nyumba ya mtu ukatoka bila kuinywa, umemtukana. Nililetewa maji vuguvugu, kifuko chenye uzi mithili ya kibandiko cha bei dukani, na maziwa kwenye chombo kisichozidi kifuniko cha chupa ya soda, vyote vikiwa mbalimbali kama watu waliokosana. Nilimwuliza mhudumu, kwa upole kabisa, kama huko jikoni hapakuwa na sufuria.

“Ya kufanyia nini, mama?”

“Ya kuvipatanisha hivi.”

Alicheka hadi akaegemea kiti cha abiria wa mbele. Nami, bila kukusudia, nikacheka pia. Hapo ndipo azimio langu lilipopata ufa.

Tulipobadilisha ndege katika mji mmoja wa Uarabuni, ufa ule ukawa mlango. Mle uwanjani mna sakafu inayotembea. Unasimama tu, umeshika mkoba kwa heshima, na dunia inakupita: manukato, saa za dhahabu, watu waliolala wakikumbatia masanduku. Nimewaonya wanafunzi wangu mara nyingi dhidi ya kufika mahali bila kutia bidii. Nilifika mwisho wa sakafu ile bila kutia bidii yoyote, nikageuka, nikapanda ya kurudi. Kisha nikapanda tena ya kwenda. Sina utetezi. Nilikuwa katikati ya raha hiyo niliposikia kipaza sauti kikitangaza jina linalofanana na langu, kama linavyotamkwa na mtu mwenye ugali wa moto kinywani. Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, aliyevaa viatu vya ibada, asikimbie juu ya sakafu inayokwenda upande mwingine. Hilo nimelithibitisha kwa magoti yote mawili.

Huko Oslo, baada ya kuchukua sanduku, nilikuta njia mbili. Moja ilikuwa ya kijani, ya wasio na cha kutangaza kwa watu wa forodha. Ya pili nyekundu, ya walio nacho. Abiria wote wa ndege yetu walimiminika kwenye ile ya kijani kama ng'ombe waliosikia maji. Mimi nilikuwa na kitu. Nikashika nyekundu, peke yangu.

Ofisa alikuwa mwanamume mrefu mwenye nyusi nyeupe. Aliyaangalia magoti yangu, kisha uso wangu.

“Una nini?”

“Tumbaku. Kikebe kimoja.”

“Kikebe kimoja hakina ushuru. Ungepita kule tu.”

“Kule wamepita wasio na kitu. Mimi ninacho.”

Alivuta pumzi kama mtu aliyetambua kwamba zamu yake itakuwa ndefu. “Wewe hutumia tumbaku?”

“Sijawahi, na Mungu akinijalia sitawahi.”

“Basi ni ya nani?”

“Ya mtoto mchanga,” nikasema, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kweli.

Aliufunga mlango mdogo wa kaunta. Akalifungua sanduku langu akaanza kulipekua: gauni, Biblia, majani ya chai, kisha soksi, moja baada ya nyingine, akizikunja upya na kuzipanga pembeni. Woga ulinishika. Nami nikiogopa huwa nakariri, na kwa siku mbili nilikuwa nimekariri kitu kimoja tu, yale majina, nisije nikayasahau njiani. Midomo ilianza yenyewe, kwa sauti ya chini. Ofisa akatoa mpira, akafungua kikebe, akainamisha pua ndefu juu yake. Ulimi wangu ukalitaja jina la Baba.

Alipiga chafya iliyohamisha karatasi mezani.

Sijui kama kuna sheria nchini Norwe inayokataza kucheka mbele ya serikali. Kama ipo, niliivunja. Nilicheka hadi nikashika kaunta. Yeye alijifuta macho, pua imemwiva, akanitaka nieleze, nami nikaeleza yote: chafya, waliolala, kitukuu, Mama.

“Kwa hiyo,” akasema polepole, “mimi sasa ni baba yako?”

“Kwa sheria za kwetu, ndiyo. Shikamoo.”

Nilimfafanulia maana ya salamu hiyo na jibu lake. Akajaribu kulitamka, likamkwama kooni, akajaribu tena. Kisha akanirudishia kikebe kwa mikono miwili, akaliangalia koti langu lililokuwa wazi na kusema, “Funga vifungo. Nje kuna baridi.” Niliondoka pale nikiwa nimefunga hadi cha shingoni. Nilikuwa tayari kwenye treni ndipo nilipokumbuka nani aliyekuwa akiniambia hivyo kila asubuhi ya Julai.

Treni ya kwenda Bergen hupanda milima mchana kutwa. Nikaendelea kukariri majina yangu, safari hii kwa sauti, hadi mwanamke wa kiti cha pili akanigeukia na kuweka kidole mdomoni. Kumbe lile lilikuwa behewa la kimya. Mimi, ambaye nimewanyamazisha wasichana darasani tangu nikiwa na nywele nyeusi tupu, nilinyamazishwa! Niliinamisha kichwa kama wao, na kama wao nikashikwa na kicheko cha kukandamizwa, kile kinachotokea puani. Juu kileleni treni ilisimama kidogo katika kituo kilichozungukwa na theluji. Nilishuka, nikaigusa, nikaionja. Haina ladha yoyote, na sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha kiasi kile. Filimbi ikalia, nikageuka kwa haraka na kuketi chini bila kupanga. Yule mwanamke wa kidole ndiye aliyeninyanyua. Tulicheka sote wawili hadi mlangoni, kisha tukaingia tukanyamaza.

Bergen kulikuwa kunanyesha, mvua ya kujituma, kama ya Kericho mchana. Mtoto wa kaka yangu alinipokea na mwavuli.

“Senge! Umetuletea mvua na huku?”

“Nimeikuta. Inaonekana ilitangulia.”

Mkewe ni binti wa wafanyabiashara wa Kericho mjini, ambao babu zao walitoka huko Mkoa wa Kati. Alinipa mtoto hata kabla sijavua viatu, kisha akacheka aliposikia habari ya pua.

“Haiya! Senge, kwetu ni rahisi. Mvulana wa kwanza ni jina la babu, kwisha. Hakuna kungojea pua.”

Jumapili baada ya chakula nilichemsha chai kwenye sufuria, majani na maziwa pamoja, kama inavyostahili. Tukampigia Mama simu ya video. Kaka yangu alimshikia simu kule Ndanai, lakini aliishika vibaya, tukaona paji la uso tu na kitambaa cha kichwa. Nilimpakata mtoto, nikalitaja jina la Baba.

Mtoto alinitazama.

Nikalirudia. Akanitazama kama mkaguzi wa shule. “Tena,” paji la uso likasema. Nikalitaja kwa mara ya tatu, polepole. Hakuna. Nikaenda kwa babu, na kwa baba wa babu, na kwa ndugu zao. Kati ya majina mtoto alipiga mwayo, ila mwayo hauhesabiwi.

“Senge, si ufungue tu ugoro?” mtoto wa kaka yangu akanong'ona.

“Karibu na mapafu ya wiki sita? Huu umetembea tu.”

Jina lilibaki moja. Nililitaja haraka na kwa sauti ya chini, kama mtu wa kanisa anayepita mbele ya baa. Mtoto akakunja uso, akafungua kinywa, akapiga chafya. Kisha, nisije nikajidai sikusikia, akapiga ya pili.

Papo hapo picha ya simu ikaganda. Sauti ya Mama ikabaki.

“Amepiga! Nimesikia! Ni nani? Ni yeye?”

Hakulisikia jina. Wazazi wa mtoto walinitazama, na niliona kwamba lolote nitakalosema wao wangeliafiki. Neno moja lingempa Mama alichokitaka. Lilikuwa tamu na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nimewafundisha watu wengi kwamba ukweli ni mwepesi. Yafaa niwaombe radhi wote. Ulikuwa mzito kama gunia la mahindi mabichi.

“Si Baba,” nikasema. “Ni mdogo wake.”

Nikadhani mtandao umekufa. Halafu kikatoka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa Mama tangu utoto wangu, chembamba, cha msichana, kikikatwa na kikohozi na kuanza upya.

“Huyo! Amerudi? Amekuja na chumvi?”

Tulicheka wote, hata yule ambaye kwao hawangojei pua. Nilipopata pumzi nikasema, “Lakini Mama, ulimtaka Baba.”

“Nilitaka kujua aliko. Sasa hayuko hapo, yuko wapi?”

Basi nikamsimulia habari ya ofisa. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo la nadra.

“Anapekua masanduku?”

“Ndiyo kazi yake.”

“Soksi kwa soksi?”

“Na kuzikunja upya.”

“Na akakwambia ufunge koti.” Alishusha pumzi ndefu, nikaisikia ikitulia. “Basi huyo ndiye. Amepata kazi ya serikali, ile aliyoitaka siku zote. Mwache aifanye. Baba yako alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi kunichekesha hata siku moja. Huyu wa hapo ndiye aliyekuwa akinichekesha.”

Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, bila aibu yoyote, tabia ambayo ukoo mzima ungeitambua.

“Na ugoro wangu?” Mama akauliza.

“Upo. Haukutumika.”

“Urudishe wote, nitaupima. Na ukifika, pitia Chepilat uninunulie chumvi. Nimeingoja sana.”