Tairi la Kuonyesha Tu

Mwanajeshi alinyanyua tairi kutoka kwenye buti la gari langu, akalitikisa mara mbili, halafu akainama na kuweka sikio lake juu ya mpira.

Alikaa hivyo kidogo. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama," akaniuliza polepole, "iko nini mu hii mupira?"

Tairi lenyewe halikuwa langu.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo. Wengi wenu mnanijua, mimi ni Hortense wa saluni ya Bigo, hapa Bunia, na mnakijua kigari changu chekundu. Lakini siku ile sijawahi kumsimulia mtu, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Ilikuwa 2014. Vita vimekwisha, ndivyo tulivyokuwa tunaambiwa. Watu walikuwa wanajenga, wanaoa, wanacheza muziki Jumamosi. Lakini mtu akigonga mlango kwa nguvu, nyumba nzima inanyamaza kwanza.

Mwaka huo binamu yangu Davy, anayefanya biashara kule Aru, aliniletea kigari kidogo cha milango miwili. Cha chini, cha mbio, kile ambacho mtu mwenye akili zake hawezi kukileta kwenye mashimo ya Ituri. Nilikipenda palepale. Watu wakasema Hortense amepata wazimu. Nikawaambia sawa, lakini wazimu wangu una viti vya ngozi.

Kulikuwa na jambo moja tu. Kwenye buti hapakuwa na tairi la akiba, wala jeki.

Davy akanieleza kwamba matairi ya gari hilo si ya kawaida. Kuta zake za pembeni ni nene na ngumu, kwa hiyo likitoboka halilali. Unaendelea kuendesha polepole, hata kilomita themanini, mpaka ufike penye usalama. Ndiyo maana waliolitengeneza hawakuona haja ya kuweka akiba.

Mpaka ufike penye usalama. Hayo maneno yaliniingia mpaka ndani, na nitawaambia sababu yake.

Fundi wangu wa matairi, ambaye huku kwetu tunamwita kwado, hakukubaliana na Davy hata kidogo. Jina lake Muzee Baudouin. Kibanda chake kipo karibu na rond-point, ule mzunguko wa barabara mjini, anaishi peke yake, na haongei sana. Siku ya kwanza aligonga tairi langu kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hii ni mupira ya batu wa lami," akaniambia. "Siku ikipasuka, hakuna kwado wa huku ataifungua na hivi byuma byetu. Leta nikuwekee ya kawaida, na chambre à air, mupira ya ndani. Ile, hata mu pori utapata mutu wa kuibandika."

"Muzee, mu pori ndiyo kwenye sitaki kusimama."

Tulibishana miezi mizima. Alisema matairi yale magumu yatanivunja mgongo, na ni kweli, kila shimo nililisikia kwenye meno. Nikamwambia mgongo unapona.

Walionishinda ni polisi wa barabarani. Kwao kila gari lazima liwe na pembetatu, kizimamoto na roue de secours. Nilimweleza mmoja wao, kwa Kifaransa changu chote cha sekondari, kwamba gari langu halihitaji tairi la akiba. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema vizuri, basi nimwonyeshe hilo ambalo silihitaji.

Sasa, kwa mambo hayo Bunia tuna dawa yetu. Anayesafiri anaazima. Mtaani kwetu kulikuwa na kizimamoto kimoja, kimefika Mahagi mara nyingi kuliko mimi, na ndani hakina kitu. Ni cha kuonyesha tu.

Basi na Muzee Baudouin akaniazima tairi. Lilitoka kwenye gari lake la zamani, lililoibiwa wakati wa vita, likabaki hilo moja kwenye kona ya kibanda. Lina matundu matano ya boliti, gari langu linataka manne. Haliwezi kuingia hata ufunge na kusali. Lakini lilikuwa jeusi, la mviringo, na lina upepo. Polisi hawahesabu matundu.

Nililihitaji kwa sababu nilikuwa nakwenda Iga Barrière kumchukua mama yangu, Mama Godelive.

Hapa lazima niseme jambo zito. Baba yangu alikufa kwenye barabara hiyo mwaka 2003. Walimwaga misumari njiani, tairi likatoboka, gari likasimama, watu wakatoka porini. Mama alikuwa ndani ya gari hilo. Aliapa hatapita tena njia ile. Miaka kumi na moja, hata harusi yangu hakuja.

Sasa alikuwa amezeeka, yupo peke yake, na miguu inavimba. Nilimbembeleza mwaka mzima aje tuishi pamoja. Alikubali siku nilipomwahidi kwamba gari langu, liwe na msumari au lisiwe nao, halisimami.

Mnaona sasa kwa nini sikutaka matairi ya kawaida.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Kurudi, tulikuwa tumeacha Iga kama kilomita kumi nyuma, mikaratusi pande zote mbili, hakuna nyumba. Mama alikuwa ameshika rozari, macho ameyafunga.

Nikasikia "pa". Sauti ndogo tu.

Taa ya njano ikawaka mbele yangu.

Mama akafungua macho akaniuliza ni nini. Nikamwambia jiwe. Lakini usukani ulikuwa unavuta kulia, na chini tairi lilikuwa linapiga, tapu, tapu, tapu. Mama alijua sauti ile kuliko mimi. Alianza kusali kwa sauti, na alikuwa anaruka maneno.

Niliogopa. Sitawadanganya. Davy alisema halisimami, lakini Davy alikuwa Aru.

Mbele wakatoka wanaume wawili kwenye miti, wana mapanga. Mmoja akainua mkono. Mpaka leo sijui kama walikuwa wakulima au walikuwa kitu kingine. Niliwapita hivyohivyo, tapu, tapu, na kwenye kioo nikamwona mmoja anatukimbilia, kisha anaacha.

Kigari hakikulala. Nilikuwa nalia na kucheka, namwambia mama umeona, si nilikuambia?

Ndipo tukafika kwenye bariyeri ya wanajeshi. Nikashukuru Mungu. Nilishukuru mapema mno.

Yule mwanajeshi hakuwa mtu mbaya. Aliona tairi la mbele limekaa vibaya, akasema nitoe roue de secours wanisaidie kubadilisha. Nikakataa. Nikasema haina haja. Akashangaa, mwanamke ametobokewa na hataki kusaidiwa? Akaniambia nifungue buti. Nikasema tena haina haja, maana wangeona matundu matano.

Kukataa kwangu ndiko kulikomtia wasiwasi. Akafungua mwenyewe, akanyanyua, akatikisa. Ndani kukagonga kitu cha chuma.

Hapo ndipo nilipoanzia.

Mwanajeshi akarudi nyuma hatua tatu, akamwita kamanda wake. Wakawasogeza watu wote pembeni. Mimi na mama tukaambiwa tukae chini, katikati ya barabara, mikono kichwani. Mama yangu. Kwenye barabara ileile.

Nilimtazama mara moja tu, sikutamani kumtazama tena. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti, na mkojo ulikuwa umelowesha kitenge chake.

Kamanda akachuchumaa mbele yetu. Alisema mwezi uliopita walikamata risasi zilizofichwa ndani ya tairi. Alisema nikinyamaza, sote wawili tutalala kambini, na huko yeye hatakuwepo kutulinda.

"Hii mupira ni ya nani?"

"Ni ya Baudouin," nikasema. "Kwado wa rond-point, kule Bunia."

Ningeishia hapo. Lilikuwa jibu la kweli na linatosha. Lakini woga una ulimi wake, na nilitaka amwache mama yangu.

"Wakati ya vita alikuwaka na bale ba pori," nikaongeza. "Batu banajua."

Batu banajua. Wapi? Mteja mmoja alilisema saluni, kichwa chake kikiwa na dawa, na kesho yake alisema kitu kingine juu ya mtu mwingine. Kamanda alisimama palepale akapiga simu. Nilisikia anataja jina, anataja rond-point.

Mama akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu Iga alinitazama vizuri.

"Uliona na macho yako?"

Ikabaki kufungua tairi, na hakuna aliyetaka. Wote walikuwa wanafikiria grenedi. Kamanda akasema aliyelileta ndiye atalitoa upepo. Nikasimama, nikapiga magoti mbele ya lile tairi. Wao wakalala mtaroni.

Nikabonyeza kipini cha valvu kwa ufunguo wa gari. Upepo ukatoka, ssss, ukanipiga usoni, wa zamani, unanuka mpira na vumbi. Nilikuwa nahesabu watoto wangu, wapo wawili tu, na nilikuwa nakosea hesabu.

Upepo ukaisha. Hakuna kilicholipuka.

Wakaazima vyuma kwa dereva wa lori aliyekuwa anasubiri, mwanajeshi akabandua mpira. Ndani kulikuwa na kipande cha kitenge kilichofungwa vizuri. Kilikuwa kimebandikwa kwenye ukuta wa tairi kwa kiraka na gundi, kama wanavyobandika tundu. Gundi ilikuwa imeachia, nadhani kwa jinsi matairi yangu magumu yalivyolitikisa siku nzima.

Kamanda akakifungua kwa ncha ya kisu.

Funguo tatu za nyumba. Kadi nne za ubatizo. Na picha moja, ndani ya plastiki: mwanamke amekaa, watoto wanne wamemzunguka, wa mwisho ana viatu vikubwa kuliko miguu yake.

Kamanda alisoma kadi kwa sauti, moja baada ya nyingine. Zote nne, baba: Baudouin. Mama: Annette.

Kisha akavirudisha kwenye kitenge, akanipa, akasema nipeleke kwa mwenyewe. Alipiga simu tena, akiwa amenigeuzia mgongo. Nikamsikia anasema mwacheni, halafu ananyamaza, halafu anauliza, mmeshamchukua?

Walikuwa wameshamchukua.

Nilimfikisha mama Bunia kwenye tairi lile lile lililotoboka.

Waliokamatwa naye kibandani waliachiliwa jioni, Muzee Baudouin kesho yake mchana. Alirudi na mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Kwado, na mkono wa kulia.

Nikaenda na kile kifurushi. Nilikuwa nimejiambia nitamwambia yote, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu usiku.

Alikifungua kwa mkono wa kushoto. Alipoiona picha alikaa chini, palepale kwenye oili.

Akanieleza kwamba wiki ile ya 2003 alikuwa Aru kutafuta mipira. Aliporudi hakukuta nyumba, hakukuta mtu, na hakuna aliyejua walikozikwa. Annette alijua kutumia vyuma kuliko yeye mwenyewe. Aliposikia wanakuja kupora, alificha mahali ambapo mume wake tu angefungua. Na mume hakufungua kamwe, kwa sababu tairi lilikuwa zima. Aliliazimisha kwa kila msafiri wa Bunia miaka kumi na moja.

"Ule mudogo," akasema, "nilianza kusahau sura yake."

Akanishika mkono. Alikuwa analia waziwazi, mtu ambaye sijawahi kumsikia hata akilalamika.

"Mungu akubariki, mutoto yangu. Bila weye, ningekufa sijaiona."

Kisha akatazama vidole vyake.

"Kuna mutu alinitaja. Sijue ni nani. Nimeshamusamehe. Lakini ningemuuliza kitu moja tu, nilimukoseaka nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Sijue, Muzee," nikasema.

Wiki ileile nilimwambia aniwekee matairi ya kawaida, yote manne, yenye chambre à air. Alifurahi, akasema mwishowe nimepata akili. Alifanya kazi siku mbili nzima kwa mkono mmoja, nami nikakaa pale nikimpa vyuma. Alidhani ni wema.

Miaka imepita. Kila Noeli ananiletea kuku, na kila Noeli mama yangu anaondoka mezani.

Ndugu zangu, tuliopita vita tunajua kuogopa risasi, na ni sawa, risasi zinaua. Lakini wengi wa wale tuliowapoteza hawakuanza kufa kwa risasi. Walianza siku mtu aliyeogopa alipofungua mdomo, akataja jina, akaongezea na kile alichokisikia tu. Ukiulizwa, sema ulichokiona na macho yako. Usiongeze hata neno, hata kama anayelia pembeni yako ni mama yako mzazi.

Muzee hasomi simu. Lakini wajukuu wa majirani zake wanasoma, na nyinyi wateja wangu mnasoma, na Bunia ni ndogo. Nimeyaandika hapa kwanza ili nisiweze kurudi nyuma.

Kesho asubuhi naenda kibandani kwake. Muzee Baudouin, hukunikosea kitu. Ni mimi niliyekutaja.