Sufi ya Melini

Nikipita Ukunda kwa mshona magodoro, harufu kavu ya sufi hunifikia kabla sijamwona mwenyewe, nami huvuka barabara. Wenzangu hudhani nina pumu. Nyinyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Msambweni, na baba alikuwa fundi wa mabomba Mombasa, katika gudi, lile shimo kubwa la saruji ambamo meli huingizwa, maji yakatolewa, ikabaki imekaa juu ya magogo, tumbo nje. Msimu ule walikuwa wakiitengeneza upya meli kubwa ya abiria. Vyumba vilibomolewa, mbao zikang'olewa, na mabomba ya mvuke yakavuliwa ganda lao jeupe ili yavikwe jipya. Kazi ya baba ilikuwa kulivua.

Dada yangu Zuhura alikuwa ameposwa, na mama hakutaka aende kwa mumewe na mito ya kuazima. Lakini msufi wetu ulizaa kidogo mwaka ule. Ijumaa moja baba akaja na gunia.

"Hii yatoka melini," alisema. "Haina hata mbegu, na walikuwa wakiitupa."

Mama akaipima kwa vidole. "Baba Zuhura, leo umeleta kitu!"

Kwetu sufi huchambuliwa chumbani, mlango na madirisha yakiwa yamefungwa, maana upepo kidogo tu huipeperusha yote. Ndivyo walivyofanya. Mama aliichapa kwa kijiti, Zuhura akavunja vibonge kwa mikono, na ukungu mweupe ukapanda mpaka darini. Mimi nikapiga chafya. Fungu lililokwisha kuchambuliwa likaruka lote.

"Toka wewe! Kapige chafya zako kwa kuku!" mama alinifokea.

"Na usirudi, bi chafya," akaongeza Zuhura, nywele nyeupe kama bibi kizee.

Nilikaa nje nikilia na kuupiga mlango kwa kisigino. Niliwasikia wakicheka ndani, nikaamini kwamba mama ana mtoto mmoja tu.

Baba alitangulia, kwa kikohozi tulichodhani kimeletwa na sigara. Mama akafuata, miaka mingi baadaye. Zuhura naye alipoanza kukosa pumzi hata ya kupanda kitandani, daktari aliuliza kama amewahi kufanya kazi kiwandani. Hakuwahi. Swali lile halikuniacha. Nilisoma kitabu baada ya kitabu, kamusi kando, mpaka nikalikuta neno asbesto, nyuzi za mawe ambazo vumbi lake huharibu mapafu baada ya miaka mingi, na pembeni yake picha ya bomba la meli lenye ganda lile jeupe.

Nilimpelekea Zuhura picha ile, nikamweleza yote polepole. Aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Na wewe ulilia uingie," alisema.

Tulimzika kabla ya Ramadhani. Watu niliowasimulia huniambia mama aliniokoa. Ningependa iwe hivyo. Lakini nilikuwapo, na nakumbuka uso wake: siku ile alichokuwa akikiokoa ni sufi.