Marahaba Niliyoitikia Machimboni

Nilitangazia mtaa mzima pale Matogoro kwamba naenda kutalii kwa baiskeli, na watu wakacheka hadi kuku wakahama uwanja. Kutalii, kwa akili ya Songea ya wakati ule, ilikuwa kazi ya wazungu wenye magoti mekundu. Baiskeli ya mswahili ilikuwa na shughuli zake zinazoeleweka: gunia la mahindi, mkaa, au shangazi anayepelekwa hospitali.

"Unaenda kutalii nini?" jirani aliniuliza. "Mashimo?"

Bila kujua, alikuwa amepatia. Tulikuwa tunaelekea kwenye machimbo ya vito, mbele kabisa ya Mpitimbi, kwenye mji ambao jina lake silitaji, maana waliobaki ni wachache na wana muda mwingi wa kugombana. Wala sikuwa naenda kutalii. Nilikuwa naenda kuomba mke.

Binti niliyemtaka, upande wa mama yake walikuwa Wayao wa Tunduru, na kwao binti haolewi mpaka mjomba atamke. Baba anaweza kukubali, mama akakubali, shehe akafungua kitabu. Mjomba akinyamaza, mnarudi nyumbani na kanzu zenu. Na mjomba mwenyewe alikuwa amehamia machimboni tangu enzi za neema, barua hajibu, salamu hapokei.

Enzi za neema zilikuwa zile za kila kitu ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa koti la mitumba lenye maandishi ambayo hata mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, niliyesoma miaka minne chini ya karabai na wadudu wake wote, sikuweza kuyasoma. Ilisemekana kule machimboni watu wanawasha sigara kwa noti. Uvumi huo niliusambaza mimi, nikaongeza kwamba wananawa miguu kwa bia. Kisha mawe yakaisha, watu wakakimbilia upande wa Tunduru, mjomba akabaki.

Kwa desturi, mwoaji hafungui mdomo mbele ya mjomba. Mshenga ndiye husema. Mshenga wangu alikuwa fundi cherehani tuliyesoma naye darasa moja la jioni, mtu ambaye kwa mwaka mzima alitamka maneno yanayoweza kuandikwa mgongoni mwa tiketi ya basi. Alikubali kuja kwa sharti moja.

"Ukae kimya," alisema.

"Nikae kimya mimi?"

"Unaona? Umeshaanza."

Tulitoka alfajiri. Vilima vya njia ile nisivisifie. Kimoja kilikuwa kirefu kiasi kwamba nilipofika katikati ndevu zilikuwa zimeota, na nilipofika juu zilikuwa na mvi. Mchana tulikula mihogo ya kuchoma kwa mama mmoja kando ya barabara, akatuuliza tumebeba nini. Tukamwambia hatujabeba kitu. Akatuonea huruma, akatuongezea mhogo mmoja. Alasiri, kilima cha mwisho, tairi la fundi likapasuka. Akatoa viraka, akaketi chini na kunitazama.

"Tangulia. Kaa mwanzoni mwa mji. Usiseme na mtu."

Niliapa. Na kiapo kile nilikitunza kwa takriban dakika nne.

Mji ulikuwa na kila alama ya utajiri isipokuwa utajiri. Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba sita na mgeni mmoja, mbuzi. Kibanda cha video kilikuwa bado kina tangazo la picha ya jioni, lakini jenereta lilishauzwa, kwa hiyo kila jioni kilionyesha giza. Mashimo yalikuwa yamejaa maji, na ndani yake vyura waliimba kama kwaya iliyolipwa. Wanaume kumi hivi walikuwa wamekaa kwenye magogo wakisubiri. Nilipowauliza wanasubiri nini, waliangaliana kana kwamba mimi ndiye mjinga.

Sasa, wanunuzi wa mawe wa zamani walikuwa na ujanja mmoja: kwa kuogopa majambazi, walikuja kwa baiskeli, wamechafuka, hawana mzigo. Kadiri mtu alivyojaa vumbi ndivyo alivyodhaniwa kuwa na fedha nyingi. Mimi nilikuwa na vumbi la kutosha kuotesha viazi. Nilikuwa na koti, miwani nyeusi, baiskeli tupu. Magogo yote yakasimama.

"Mnunuzi!"

Mzee mmoja mwembamba mwenye ndevu nyeupe aliwapita wote, akainamisha kichwa mbele yangu.

"Shikamoo, bosi."

Mzee wa umri wa baba yangu! Mtu mwenye adabu angekataa, angesema hapana mzee, shikamoo wewe. Lakini hakuna aliyewahi kuniita bosi tangu nizaliwe, na mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Marahaba, mzee. Hali?"

Alifungua kipande cha nailoni, ndani kikatoka kijiwe cha rangi ya samawati, kidogo kama jino la mtoto. Nilikiinua kwenye jua, nikafumba jicho moja, nikaguna. Nilikuwa nimesikia wanunuzi huguna.

"Hii chupa," nikasema.

"Chupa, bosi?"

"Ya bia."

"Chupa gani inakaa futi thelathini chini ya ardhi?"

"Basi babu zako walikunywa mapema."

Magogo yalicheka. Wakaanza kumtania: "Mzee, uliza kama bosi ananunua na kizibo!" Yeye hakucheka. Alikifunga kijiwe chake polepole, fundo juu ya fundo. Mimi nilikuwa bado nimevimba kama andazi.

Hapo fundi akafika, anasukuma baiskeli. Akamuulizia mjomba kwa ukoo wake. Wakamwonyesha kwa kidole. Fundi akavua kofia, akachuchumaa mbele ya mzee yule yule.

"Shikamoo, mjomba. Tumetumwa na dada yako. Tumekuja kuposa."

"Marahaba. Mwoaji yuko wapi?"

"Yule pale. Mwenye miwani."

Mjomba alinitazama kuanzia matairi hadi miwani.

"Yule niliyemwamkia?"

Fundi alinigeukia kwa macho ya mtu aliyekuta panya ndani ya kitambaa cha mteja.

"Nirudishie shikamoo yangu," mjomba akasema.

Nilivua miwani. Nikachuchumaa kwenye tope. "Shikamoo, mjomba."

"Sijasikia."

"Shikamoo, mjomba!"

"Hiyo ni yangu. Ya dada yangu?"

Nilitoa ya dada yake, ya marehemu mama yake, ya shimo lake, na mwishowe ya mbuzi wa nyumba ya wageni. Magogo yalikuwa yanalia kwa kicheko. Nilijua mke ameshakwenda, na nimempoteza kwa neno moja.

Lakini alituingiza kibandani, akatupikia ugali na mlenda. Alipokwisha kunawa aliuliza kwa sauti ndogo, bila kunitazama:

"Chupa kweli?"

"Mjomba, mimi sijui mawe. Nimesoma biashara na Kiswahili. Jioni."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakohoa.

"Binti aolewe," akasema. "Ila mimi mjini siji. Niingie na nini? Mkiulizwa, semeni kazi inakwenda, nina vijana, nina nyumba ya bati."

"Mimi nitasahau," fundi alisema.

Mjomba akanielekezea kidole. "Huyu hatasahau."

Kesho yake jioni niliketi kwenye mkeka mbele ya mama wa binti. Fundi alitoa neno la mjomba, kwamba amekubali, akafunga mdomo kwa wiki nzima iliyofuata. Mengine yalikuwa yangu. Nilijenga ile nyumba ya bati, nikaongeza veranda. Nikaajiri vijana ishirini, nikawapa mpishi. Mama alisikiliza bila kunikatiza.

"Miguuni anavaa nini?" akauliza.

Mjomba alikuwa na makatambuga ya tairi, la kushoto limefungwa kwa waya.

"Viatu, mama. Vya ngozi, vyeusi. Unaweza kujitazama ndani yake."

Alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga, akatazama ukutani. Nilidhani anacheka. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu.

"Haya," akasema. "Nikahi haifungwi mpaka kaka yangu awepo, na aje amevaa viatu hivyo hivyo. Mtamtafutia nyinyi. Mguu wake ni namba nane."