Mwalimu Aliyewasifu Walinzi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikipita Berea inanirudia. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali, na wazazi walikuja kuwatoa watoto wao katika darasa la Mwalimu Magesa bila hata kumsalimia. Waliwashika mikono, wakaondoka nao. Yeye akabaki mlangoni mwa ukumbi wa kanisa na chaki mkononi, akiwaita watoto kwa majina. Hakuna aliyegeuka.

Keti, nikuambie mambo yalivyofika hapo. Leo nywele zangu ni nyeupe na wajukuu wananiita Koko, yaani bibi, lakini wakati ule nilikuwa msichana kutoka Uvira, Kongo, mgeni wa Durban, jina langu Riziki, naulizia njia hata kwa watoto wa shule. Nilifanya kazi katika duka la simu. Siku hizo mtu akitaka kuongea na nyumbani alikuja kwetu, akaingia kwenye kibanda, nikamuunganishia. Vibanda vile vilitengwa kwa mbao nyembamba, hata mtu wa kibanda cha kwanza akipiga chafya, wa cha mwisho alimwambia pole.

Mwalimu Magesa alikuwa Mtanzania wa mkoa wa Mara, mzee mpole, Mmenonite. Kama huwajui, Wamenonite ni Wakristo ambao kwa imani yao hawashiki silaha, hata nchi ikiwaita. Alikuja Durban kumuuguza binti yake. Binti akapona, akaolewa, akahamia Johannesburg. Mzee akabaki peke yake katika chumba cha kupanga kule Sydenham. Kila Jumamosi aliwafundisha watoto wetu Kiingereza, na hakutaka malipo. Hilo la kutotaka malipo, mwanangu, ndilo lililoanza kuwasumbua watu. Sisi wakimbizi tumepigwa na mengi. Mtu akitupa kitu bure tunageuza mkono kuangalia kama kuna kamba.

Ujanani mwake alikuwa amevuka mpaka kwenda kufundisha nchi ya jirani. Sitaitaja, maana watu wake ni majirani zangu hapa leo na sina neno nao. Vita vikazuka kati ya nchi ile na nchi yake. Yeye na raia wenzake wakakusanywa wakawekwa kambini nyuma ya senyenge, si kwa kosa lolote, ila kwa pasipoti zao. Kutoka huko alimwandikia mkewe barua, na barua hizo alikuwa bado nazo. Jumapili moja, kwa sababu wengi kanisani walikuwa na ndugu waliokamatwa kwa kukosa karatasi, alisimama akatusomea moja ili kututia moyo. Alikuwa ameandika kwamba wanakula vizuri, wanaimba asubuhi, na kwamba kuna mlinzi mmoja mwema sana, Mungu ambariki yeye na mama yake.

Wanawake walisema amina. Lakini Baba Deo, Mrundi aliyeuza vifaa vya simu mtaa wa nyuma, aliinama akaninong'oneza, "Mfungwa gani anapendaka askari? Miye nimefungwa. Miye ninajua."

Neno hilo lingekufa palepale kama si wizi. Miezi ile maduka ya wenzetu yalivunjwa moja baada ya jingine, na kila mara ilikuwa siku mali mpya imeletwa kutoka maghala ya Clairwood. Mwizi anajuaje? Kikulacho ki nguoni mwako, watu wakaanza kusema, na kila mmoja akaanza kuangalia nguo ya mwenzake. Duka la Baba Deo lilipovunjwa, mtu mmoja akasema amemwona Mwalimu akiingia kituo cha polisi. Mwingine naye alimwona, wiki nyingine. Basi. Mzee hana biashara, hana kesi, anafuata nini polisi kila Ijumaa? Na kwa nini harudi kwao, wakati kwao hakuna vita? Tena si ndiye aliyewasifu askari kwa kalamu yake mwenyewe?

Baba Deo akaja dukani kwangu. "Riziki, huyu mzee anapigaka simu hapa. Anasemaka nini?"

Nikamjibu kweli tupu. Nikasema anampigia mkewe, wala haongei sana. Anauliza kama mvua imenyesha, kama ng'ombe wako wazima, kisha anasema haya, na simu inakufa.

Baba Deo akatikisa kichwa polepole. "Eish. Mume na mke, maneno matatu? Hiyo ni kodi, dada. Wanapeana kodi." Alimaanisha lugha ya siri, kama ya majasusi.

Mwanangu, sikuwa nimedanganya hata silabi moja. Lakini ukweli ukitiwa kwenye chungu chenye sumu, hautoki ukweli tena. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Mwalimu anaongea kwa mafumbo. Jumamosi iliyofuata ndiyo wakawatoa watoto, na nikasikia wanaume wawili wakisema kwamba baada ya ibada ya kesho watamsubiri nje "wamuulize vizuri." Nilijua kuuliza kwa namna hiyo kunavyoishia.

Nikakimbia kwa Mama Zawadi. Huyu alikuwa na saluni jirani na duka letu, mama mkubwa wa Bukavu, aliyewazika wengi na kuwapokea wengi. Baba Deo alikuwa tayari pale, anaeleza. Mama Zawadi alimsikiliza huku anasuka, hakusimamisha vidole.

"Muliisha kumuuliza?" akasema.

"Mama, lisemwalo lipo."

"Lipo, ndiyo. Na Mwalimu pia yupo, iko hapo Sydenham tu. Muliisha kumuuliza?"

Mama Zawadi akamwomba mteja wake radhi, nusu ya kichwa ikiwa haijasukwa, akavaa viatu. "Twende. Sasa hivi, jua likiwa juu. Weye Baba Deo, utauliza. Na weye Riziki, utakuja, juu maneno yako nayo imo ndani."

Mwalimu alitufungulia, akatupa viti vyake viwili, yeye akakaa kitandani. Baba Deo, ambaye sauti yake ilijaza mtaa, sasa aliangalia mlango tuliopitia. Ikabidi Mama Zawadi amguse begani. Ndipo akauliza, moja baada ya jingine: polisi unafuata nini? Kwa nini haurudi kwenu? Kwa nini uliwasifu?

Mzee hakukasirika. Akasema, "Polisi ninawapelekea sabuni wageni waliofungwa. Ninawaandikia barua za nyumbani. Nilifungwa, najua mtu anakosa nini. Nenda hata leo, waulize wao wenyewe."

"Na walinzi?"

"Barua zetu zilipitia ofisi ya kambi. Ukilalamika, wanachoma. Wenzangu waliandika kweli yote, wake zao wakakaa mwaka mzima wakidhani ni wajane. Mimi niliandika ile kweli iliyoweza kupita. Na huyo mlinzi hakuwa uongo wangu, alikuwepo. Hakujua kusoma. Nilimwandikia barua za kumpelekea mama yake, yeye akahakikisha zetu hazikai ofisini. Wenzangu wengine waliniita msaliti. Nilizoea."

Baba Deo akaangalia sakafu. "Na nyumbani? Juu ya nini haurudi?"

Hapo mzee alishusha sauti. "Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikwenda vitani upande wetu. Hakurudi. Wiki ile ile mke wangu anamlilia kaka yake, ikafika barua yangu inayosema walinzi ni wema, Mungu awabariki. Sikujua. Niliporudi, alinipikia, alinifulia, alinipa maji kwa mikono miwili kama mgeni. Miaka yote hiyo, kama mgeni. Nilipokuja huku kwa ajili ya binti yetu alizifunga barua zangu kwa kitambaa, akaniambia, 'Vitu vyako hivi.' Hakuniuliza kitu. Ninyi ndio watu wa kwanza kuniuliza."

Nilidhani sasa Mama Zawadi atamgeukia Baba Deo amkaripie. Alimgeukia, ndiyo, akamwambia, "Umesikia. Kesho kabla ya ibada utasimama mbele ya watu, na utasema." Lakini kisha akamgeukia Mwalimu, na macho yake hayakulegea.

"Na weye, Mwalimu, uliisha kumuambia mama wa watoto wako haya umetuambia siye?"

"Nilimngoja aniulize."

"Ulimngoja! Yeye amefiwa, na weye ndiye mwenye jibu, halafu unangoja swali? Mficha uchi hazai, Mwalimu. Unafundisha watoto wetu kusema, na weye mwenyewe umefunga mdomo miaka yote. Usimlaumu Baba Deo kwa kukushuku. Nyumbani kwako ulipanda shamba zima la kushukiwa, na hukupalilia hata siku moja."

Sijawahi kuona mzee akikaripiwa vile, wala mzee akipokea vile. Alitikisa kichwa mara nyingi kama mwanafunzi, akasema, "Asante, mama."

Baba Deo alikwenda kituoni, akawauliza wale wafungwa. Jumapili alisimama akasema maneno machache, kavu, lakini alisema, na wale wanaume wawili wakaenda zao. Watoto wengi walirudi darasani. Wa Baba Deo hawakurudi kamwe. Moyo wa mtu ni msitu, na wake ulibaki na giza upande mmoja. Wala mwizi wa maduka hatukumjua, mpaka leo.

Jumatatu Mwalimu alikuja dukani. Nikamuunganishia Mara, kwa mkewe. Nikasikia akisema, "Mama Bhoke, nina neno la zamani sana," na safari hii sikungoja kusikia. Nilitoka nje, nikasimama karibu na robot, zile taa za barabarani, nikiangalia taxi zinavyopita, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Alipotoka kibandani macho yake yalikuwa mekundu.

"Ameniuliza kitu kimoja tu," akaniambia.

"Kitu gani, Mwalimu?"

"Kama mama wa yule mlinzi alizipata barua zake."

Akasema mkewe amelia sana, kisha amemwambia arudi, mihogo imezidi na hakuna wa kula. Kabla ya mvua za mwaka ule kwisha alikuwa amesafiri.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Ninyi mnaishi mji ambao asiyeshuku huibiwa, na mimi sikukuza watoto wajinga. Lakini shuku yako ipeleke mlangoni kwa mwenyewe, mchana, ukiwa na shahidi mwenye busara, uitamke kwa kinywa chako. Usiitume kwenye kundi la simu ikazurura bila baba. Ukiona huna ujasiri wa kumuuliza mtu, basi huna haki ya kumsema. Na kama wewe ndiye unayeshukiwa, usikae na jibu lako kama mali ya urithi. Wape wanaokupenda kabla hawajakuomba, maana anayelia hana nguvu ya kuuliza.

Nenda sasa. Mungu akupe mdomo wa kuuliza na sikio la kungoja jibu. Milango utakayobisha ifunguke, na nyumbani kwako usipewe kamwe maji kama mgeni.