Ufizi Ulipogeuka Mweupe

Siku ile ya Kerubo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa karibuni unaanza kutibu meno ya watu, acha nikusimulie. Ilikuwa miaka ya tisini, nami daktari mchanga mjini Kisii, chini ya mzee mmoja Mhindi aliyezaliwa hapo hapo mjini. Alizungumza Ekegusii, lugha yetu, kunishinda hata mimi mzaliwa wa Nyamira.

Kerubo, mwalimu kutoka Manga, aliteleza njiani wakati wa mvua akapoteza jino la mbele. Mzee alimpandikizia skrubu ya chuma kwenye taya, mfupa ukaishika. Ikabaki kazi ya ufizi. Tulimvika jino la muda, na kila alipokuja tuliongeza plastiki kidogo shingoni mwa jino hilo ili ufizi usukumwe polepole, ujipinde kama wa meno ya jirani. Ukiharakishwa, damu haifiki; ufizi unakufa, unarudi nyuma, na chuma kinaonekana. Kazi hiyo ilinikosesha usingizi, sikufichi.

Jumapili wageni wa posa walikuwa wanakuja, na Kerubo alitaka tumalize. Mzee alikuwa chumba cha pili. Niliongeza plastiki, nikakaza skrubu ndogo inayoshika jino la muda. Ufizi ukageuka mweupe, jambo la kawaida, maana rangi hurudi baada ya dakika chache. Nikangoja. Haikurudi.

"Inauma?"

"Haiumi, daktari. Endelea tu."

Nilitamani sana kumwamini! Lakini wasichana wa Kigusii wa siku zile tulilelewa kwamba kulia kwa maumivu ni kuwaaibisha watu wa kwenu. Nikamwita mzee. Alitazama mara moja tu.

"Moraa, nawe si mtoto wa huku huku? Huyu atakwambia haiumi hata ukimng'oa kucha. Unamuuliza nini? Toa!"

Nilifungua ile skrubu ndogo, nikalitoa jino. Tukasimama tukiutazama ufizi, mimi nikiomba kimoyomoyo. Wekundu ukaanza kurudi, kidogo kidogo, kutoka pembeni. Mzee akakwangua ile plastiki, akalirudisha jino. Hapo ndipo Kerubo akalia.

"Na wageni je?"

"Watakukuta na jino la muda. Ufizi haujui Jumapili."

Baada ya posa alirudi. Alikuwa amemwambia mchumba wake kwamba jino bado, na kwamba linauma. Kijana akasema harusi ingoje mpaka lipone. Miezi ikapita, ufizi ukakaa vizuri, tukamvika jino la kudumu. Mama yake alimwinua kidevu kwenye mwanga wa dirisha, akashindwa kulitambua kati ya mengine.

Basi, mwanangu, usitibu kwa kutegemea ujasiri wa mgonjwa. Tazama rangi, na hofu ikikushika, ita mkubwa wako. Na wewe pia, maana kila nikikupigia simu unaniambia uko sawa: ikiuma, sema. Mungu akupe mikono myepesi na moyo wa kungoja, na akupe mtu wa kumwambia.