Mtani Alipokuja Kumwosha Shabani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyofika Gwata kwa mama mkubwa, enzi za Mwingereza. Nilikuwa kijana wa kuzurura. Shule niliiacha mapema, nikawa leo Kisarawe, kesho Mlandizi, popote penye jambo la kutazama. Nilimkuta mama mkubwa nje ya kibanda cha uani, bakuli la uji uliopoa mkononi, anabembeleza mlango uliofungwa.

Ndani alikuwamo mwanawe Shabani, ndugu yangu tuliyekua pamoja. Alikuwa amejifungia kwa ibada. Alitaka roho yake ikue, na alidhani itakua kadiri mwili unavyopungua. Mwanzoni alikuwa akifuturu kwa tende na maji. Baadaye akaziacha tende.

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Alikuwa ameelekea kibla, shuka jeupe mabegani, ukingo wake umeungua kwa kaa la ubani. Midomo ilicheza bila sauti. Nilipomwita akageuka, akanitazama kama mtu anayetazama njia isiyo na mtu.

"Hatoki, wala hali," mama mkubwa alisema. "Ananiambia sauti yangu inatoka mbali."

Kesho yake, jua limeshapanda, akatokea Mzee Kondo wa Kisarawe, mtani wa ukoo wetu. Nyinyi wa siku hizi hamyajui sana haya, kwa hiyo nikueleze. Kwetu mtani ndiye mwenye maiti. Yeye huchimba kaburi, yeye huosha, na msibani hutukana apendavyo na hakuna wa kukasirika. Siku hiyo alishika kata ya kuoshea, sanda ikiwa kwapani.

"Yuko wapi maiti wangu?" alipaza sauti toka njiani. "Nimepanda treni Pugu, nimeshuka Ruvu, nimetembea mpaka miguu imevimba, na hata kilio sisikii! Wachoyo nyie, hata machozi mnabania?"

"Mtani, hapa hajafa mtu," mama mkubwa akasema.

Mzee Kondo akacheka, kisha akaacha kucheka. "Shabani mwenyewe ndiye aliyekuja kuniita. Juzi mchana, napalilia mihogo, nikamwona amesimama kwenye tuta. Akasema, mtani, njoo Gwata uoshe. Nikamuuliza nimwoshe nani, akageuka akaenda zake. Shuka lake limeungua ukingoni."

Mama mkubwa alinitazama, nami nikamtazama. Nikausukuma mlango kwa bega mpaka komeo la ndani likakatika.

Shabani alikuwa palepale juu ya mkeka. Lakini nyayo zake, mwanangu, zilikuwa zimegandwa na udongo mwekundu. Udongo wa pale Gwata ni mweusi. Ule ulikuwa wa vilima vya Kisarawe, na ulikuwa bado mbichi.

Mama mkubwa akaanza kulia. Mzee Kondo utani haukumtoka. Aliketi, akamwinua Shabani kichwa.

"Niache, mtani," Shabani alisema polepole. "Nimekaribia kufika."

"Umekaribia wapi, mifupa wewe? Kwangu umeshafika, umenikanyagia mihogo yangu!"

"Mimi? Mimi nilikuwa hapa nasali."

"Basi aliyekuja kwangu ni nani?"

Shabani akatazama nyayo zake. Alizitazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nikaona hofu machoni mwake.

"Maiti ni wangu, namgeuza nitakavyo, naye hana ubishi," mtani akasema. "Ukitaka kunibishia, kwanza uwe hai. Chagua, sanda au uji."

Shabani akafungua mdomo. Mtani akamnywesha uji kwa kata ileile ya kuoshea maiti, kidogo kidogo, huku akimtukana. Kisha akamwosha miguu, maji yakawa mekundu. Alipomaliza akaikunja sanda. "Hii naiweka. Ni yako, ila si leo." Akanigeukia mimi. "Na wewe mzururaji, mwenzako anakauka, unachungulia tu kama uko kwenye ngoma?"

Shabani aliishi hadi uzeeni. Baada ya siku ile sala zake zilizidi urefu, kwa kuwa magoti yaliweza kumbeba. Lakini kila alipochelewa kula, aliinama kwanza kutazama nyayo zake.

Mwanangu, sali, na funga kama dini inavyoagiza, lakini jua likizama futuru. Lala, oga, ukiugua jitibu. Mwili ni amana, na roho haina pengine pa kusujudia hapa duniani. Ukiona sauti ya mama yako inatoka mbali, usifurahi kwamba umepanda. Omba uji.

Mungu akupe roho pana na mwili wa kuibeba. Na mtani wako akija kabla ya wakati, akukute unakula, akutukane kwa ulafi, arudi kwao na sanda yake.